Maelewano ya Sajini Protus

Mwaka wa sabini na saba malori yalijaa Malaba hata barabara ikakosa upana. Yalisimama kutoka kwenye kizuizi cha mpaka hadi mbali huko nyuma. Madereva walijilaza mchana kutwa chini ya matela, wakaamka foleni iliposogea kidogo, wakajilaza tena. Upande wa Uganda vitu vilikuwa vimeadimika: sukari, chumvi, sabuni. Na watu walikuwa wakipotea. Mtu aliweza kuvuka asubuhi kwenda kumwona dada yake, jioni asirudi, na hakuna aliyethubutu kuuliza kwa sauti. Upande huu watu waliongea upesi upesi huku wakitazama nyuma.

Sajini Protus alikuwa mpelelezi hapo. Kwao ni Busibwabo, huko Busia. Alikuwa mrefu, mwembamba, mtu asiyejua kutulia. Mkewe Nafula alikuwa akisema hata usingizini miguu yake inatembea. Lakini akikaa mbele ya mtu wa kuhojiwa, aligeuka mwingine kabisa. Sauti ilishuka, miguu ikatulia, na uso wake ukawa kama wa mtu aliyekuja kukusalimu tu. Hakuwahi kumpiga mtu. Aliuliza habari za nyumbani, za shamba, za mama mzazi, akapekuapekua mpaka akapata undugu fulani, kwamba shangazi wa huyu aliolewa na wale, na mara mtu akajikuta ameshasema lile alilokuja kulificha. Sifa hiyo ilimfikia mkubwa mmoja Nairobi.

Ndiyo sababu Mkaguzi Ogutu alikuja. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye miwani mizito, na alikuwa ametoka kusoma ng'ambo jinsi polisi wanavyopaswa kuhoji. Aliamini kwamba kipigo huzaa uongo, na kwamba ukweli hutoka pale tu anayeuliza na anayejibu wanapokuwa na kitu fulani kati yao. Kitu hicho Wazungu wana neno lake, nalo lilimsumbua kulitafsiri. Alianza na "ukaribu", akaliacha, maana mtu anaweza kukaa karibu nawe huku anakuchukia. Akajaribu "mazoea", nalo likamkalia vibaya. Mwisho akashika "maelewano", ingawa hata hilo hakulipenda sana.

"Wakubwa wangu wataniuliza mambo mawili," alimwambia Protus siku ya kwanza. "Hayo maelewano ni nini, na unayapima na nini. Nikishindwa kujibu, watarudi kwa kiboko. Kwa hiyo nitakaa pembeni wewe ukihoji, nitazame."

Alichokuwa akitazama ni kama hivi: mtu anamtazama usoni sajini? Anamwinamia au anajivuta nyuma? Anakubali chai? Anajibu kwa maneno mengi kuliko alivyoulizwa? Anacheka? Kila mahojiano yakiisha, alitoa alama kati ya kumi. Protus alichukua jambo hilo kwa moyo wake wote. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba alichokuwa akikifanya kina jina.

Kesi waliyokuwa nayo wiki hiyo ilihusu lori la sabuni. Lilikuwa limetoka Malaba likielekea Busia kukwepa foleni, likakutwa limelala ubavu kando ya barabara karibu na Chakol, tupu, hata mche mmoja wa sabuni haukubaki. Dereva, Vitalis, alikutwa amekaa kwenye nyasi na jeraha kichwani. Taniboi wake, yaani utingo, mtu mzima wa Murang'a aitwaye Kariuki, hakuonekana. Vitalis alieleza kwamba watu wenye bunduki walitoka upande wa mto, wakawasimamisha, wakapakia sabuni kwenye lori lao dogo, wakamchukua Kariuki na kuvuka naye. Hakuna aliyeshangaa. Mambo kama hayo yalikuwa yakisikika kila siku.

Vitalis alikuwa mtu wa Samia, mnene kidogo, mwenye mwanya na kicheko cha kupasua. Protus hakuhitaji hata kutafuta undugu, kwa kuwa Vitalis aliutafuta mwenyewe. Kabla chai haijapoa wakawa wamegundua kwamba binamu wa Nafula ameolewa kwa kina Vitalis, na tangu hapo Vitalis akawa anamwita mukhwasi, yaani shemeji. Alieleza mambo ya wale majambazi kwa kirefu, nguo zao, lafudhi zao, mmoja aliyekuwa akichechemea. Alipofika kwa Kariuki machozi yalimlenga. Alisema wamekula sahani moja miaka minne. Protus alijikuta amemshika bega.

Ogutu alitoa tisa. Alisema angetoa kumi, ila kumi ni ya Mungu.

Baada ya hapo Vitalis hakuwekwa ndani. Alikuwa shahidi, na lori lilikuwa bado linasubiri kuinuliwa, basi alikaa kwenye nyumba ya wageni pale Malaba, na karibu kila mchana yeye na Protus walikula pamoja kwenye hoteli moja yenye madirisha mapana yanayotazama barabara. Protus alijiambia anaendeleza maelewano. Na ilikuwa kweli, lakini kweli pia ni kwamba alimpenda yule mtu. Kazi ya upelelezi ilikuwa imemfanya akose marafiki. Mtu akimwona anakuja, hunyamaza. Vitalis alimwona anakuja na kumsogezea kiti.

Shahidi wa pili alikuwa mwanamke aitwaye Akol. Nyumba yake ndiyo ilikuwa karibu zaidi na mahali lori lilipolala, nyumba ya nyasi safi na shamba la wimbi lililoshuka hadi kijitoni. Alikuwa mjane wa miaka hamsini hivi, mfupi, mwenye mikono migumu. Protus na Ogutu walipofika alikuwa akipepeta wimbi, na hakuacha.

Protus alimsalimu kwa Kiteso alichokijua, ambacho hakikuwa kingi. Mama akajibu kwa Kiswahili. Protus akasifu wimbi lake. Mama akasema wimbi mwaka huu ni baya. Protus akauliza habari za watoto. Mama akasema watoto wapo. Akaombwa akae, akakataa. Konstebo aliyewaendesha alikuwa amebeba soda kwenye gari, wakampa. Akaiweka chini mbali naye kama kitu kilichopotea na mwenyewe atakuja kukichukua.

"Siku ile lori lililala hapa, mama uliona nini?"

"Niliona lori limelala."

"Na kabla halijalala?"

"Kabla halijalala halikuwa limelala."

Konstebo alicheka kule nyuma, akanyamaza alipotazamwa. Protus alijaribu njia nyingine, na nyingine tena. Mama alipepeta. Halafu, bila kuinua macho, akauliza yeye.

"Huyo dereva yuko wapi saa hii?"

Protus alifurahi kupata mlango. Akamweleza kwamba dereva ni mzima, jeraha linapona, yuko Malaba, anawasaidia polisi vizuri sana.

"Hamkumfunga."

"Kwa nini tumfunge, mama? Yeye ndiye aliyeibiwa."

Akol aliinua uso na kumtazama kwa mara ya kwanza, mtazamo mrefu usio na heshima wala matusi. Kisha akabeba ungo wake, akaingia nyumbani na kufunga mlango. Walisubiri kidogo, wakaondoka.

Njiani Ogutu alisema hiyo ni moja, na hiyo moja ameitoa kwa sababu ya salamu. Alisema kuna watu ambao hawawezi kuingia kwenye maelewano na yeyote, ni maumbile yao, na kipimo kizuri lazima kiwaonyeshe pia. Protus alikubali. Lakini swali lile la mama lilimwasha kama upupu. Alijikuna nalo njia nzima.

Siku mbili baadaye, wakila matumbo na ugali, Vitalis alimuuliza Protus mbona hana raha. Aliuliza kwa upole, kama mke. Protus akasema ni kazi tu. Vitalis akasema kazi ya kubeba mambo ya watu kichwani ni nzito kuliko ya lori, maana lori hupakuliwa. Maneno hayo yalimgusa sana Protus. Akasema kuna mama mmoja kule Chakol, wa nyumba ile ya karibu kabisa, mgumu kama jiwe, hataki kusema kitu, ila anaonekana anajua kitu.

"Alikuambia nini?" Vitalis aliuliza, akimega ugali.

"Hakuna. Aliniuliza tu habari zako. Uko wapi, na kwa nini hatujakufunga."

Vitalis alicheka kile kicheko chake. Alisema wajane wana mambo, pengine anatafuta bwana. Akasimulia hadithi ya mjane mmoja wa Funyula aliyemfukuza chifu na mwiko, na Protus akacheka mpaka akakohoa. Waliagana pale nje ya hoteli, Vitalis akimpigapiga mgongoni mbele ya barabara nzima.

Asubuhi iliyofuata Ogutu alimkuta Protus ofisini akiwa amesimama dirishani. Akamuuliza kama alionana na dereva jana. Protus akasema ndiyo, walikula pamoja.

"Vizuri. Alikuambia nini kipya?"

Protus alifungua mdomo ajibu. Akatafuta. Akakumbuka ile ya lori hupakuliwa, akakumbuka mjane wa Funyula na mwiko wake. Akarudi nyuma, mlo wa juzi, na wa kabla ya hapo. Vitalis alikuwa ameuliza kama majambazi wameonekana popote. Alikuwa ameuliza kama Kariuki ana ndugu waliokuja kumtafuta. Ameuliza nani huenda kupekua kijitoni, na siku gani. Na kila mara Protus alikuwa amejibu, kwa maneno mengi kuliko alivyoulizwa, akimwinamia, akicheka.

"Afande," alisema. "Mimi ndiye niliyekuwa nikihojiwa."

Ogutu hakuelewa mara moja. Protus alikuwa ameshatoka. Alivuka barabara akikimbia kati ya malori hadi nyumba ya wageni. Mwenye nyumba akamwambia mgeni ameondoka alfajiri na mwenzake mmoja, kwenye pikapu, na hakusema anaenda wapi.

Landrova ya kituo ilikuwa imekwenda Busia. Wakachukua gari la Ogutu, Ogutu mwenyewe akiendesha na konstebo akikaa nyuma, na barabara ilikuwa na mashimo na foleni na wanawake wenye mizigo ya mihogo waliokuwa wakienda sokoni Chakol. Protus alikaa mbele akisukuma sakafu kwa mguu kana kwamba yeye ndiye mwendo. Ogutu alimuuliza alimwambia nini hasa yule dereva. Protus akamweleza, neno kwa neno. Ogutu alitoa miwani kwa mkono mmoja, akaifuta kwenye suruali, akaivaa tena, na akaongeza mwendo.

Waliona watu kabla hawajaona nyumba. Walikuwa wamesimama shambani ndani ya wimbi lililokanyagwa, wanaume kwa wanawake, wengine na majembe bado mkononi. Mlango wa nyumba ulikuwa umeng'olewa. Akol alikuwa amekaa nje juu ya kinu kilichopinduliwa, mkono wake wa kushoto umefungwa kwa kitenge, uso umevimba upande mmoja. Majirani walieleza wote kwa pamoja. Wanaume wawili walikuja na pikapu, wakamtaka mama awaonyeshe mtu. Mama akapiga yowe. Wakampiga kwa rungu, mkono ukavunjika, lakini hakuacha kupiga yowe, watu wakatoka mashambani, na wale wawili wakakimbilia gari lao na kushika njia ya Busia.

Ogutu alimtuma konstebo akimbie kwa simu ya posta, Busia wafunge njia. Kisha akamwendea Akol. Alifanya kila kitu sawasawa, kama alivyofundishwa. Alichuchumaa ili asiwe juu yake. Akasema jina lake, akampa pole, akasubiri, akasema kwa sauti ya taratibu kwamba anaweza kumwamini yeye.

Akol hakumtazama. Alimtazama Protus, aliyekuwa amesimama nyuma, mikono haijui pa kukaa.

"Wewe ndiye ulimwambia," alisema.

Watu walimgeukia. Ogutu naye akageuka. Protus aliona njia zilizokuwepo, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuona njia. Angeweza kusema dereva alikuwa na habari zake mwenyewe. Angeweza kumuuliza mama kwa nini anafikiri hivyo. Angeweza kusema pole, neno linaloweza kumaanisha lolote.

"Ndiyo, mama," alisema. "Ni mimi nilimwambia. Sikujua ninachokifanya, lakini ni mimi."

Shavu la Akol lilitetemeka kwa maumivu. Kisha akasimama, akakataa kushikwa na mtu, akaanza kusema, wima, kwa sauti kubwa ya hasira, kama mtu anayemkemea mlevi.

Alisema siku ile, jua likiwa bado kali, lori lilisimama lenyewe. Hakuna mtu aliyelisimamisha. Pikapu ilikuwa ikilingoja tangu mchana na watu wawili ndani yake. Walipakua sabuni, wakaenda, wakarudi, wakapakua tena. Yule taniboi hakutaka. Alikaa juu ya mzigo na kusema sabuni si yake wala si yao. Dereva akamwita chini kwa maneno matamu, akashuka, na aliposhuka dereva akampiga kichwani na mguuni kwa chuma cha kufungulia magurudumu. Wakamburuta kijitoni, wakamwacha kwenye mafunjo, kisha ndipo wakalisukuma lori likalala, na dereva akamwambia mwenzake ampige kidogo kichwani, kidogo tu.

"Mimi nilikuwa kwenye wimbi. Niliona yote. Pikapu ilipoenda na dereva akachukuliwa, nikashuka. Nilidhani nitaona maiti, nikaona mtu. Usiku wenzake wakarudi kumtafuta, wakakuta mafunjo matupu."

"Yuko hai?" Protus aliuliza.

"Yuko ndani. Wameng'oa mlango wangu na hawakumwona, wajinga. Nimemlaza nyuma ya kihenge." Akavuta pumzi. "Aliponiambia nisiende polisi, nilifikiri ni homa inaongea. Alisema dereva anasema polisi ni watu wake. Nikafunga safari kwenda Malaba niangalie mwenyewe. Nikakuona wewe dirishani unakula naye, unacheka meno yote. Kisha ukaja hapa kunisifia wimbi. Wimbi gani? Nilikuuliza dereva yuko wapi. Ungesema hata neno moja la kumshuku, ningejua wewe si mtu wake. Ukaniambia anawasaidia vizuri."

Protus alisema ndiyo, alisema hivyo.

"Wewe ulitaka nikupende," Akol alisema. "Mimi nilitaka unisikie."

Kariuki alitolewa kwenye mkeka, mguu umefungwa kwa vijiti, kichwa kimepakwa dawa ya majani. Alikuwa amekonda, na alipoona sare alijaribu kujiburuta kurudi ndani. Akol alimshika bega na kumwambia kitu kwa sauti ya chini. Hapo akatulia. Wakamlaza kwenye kiti cha nyuma cha gari, Akol akakaa mbele, na Ogutu akawapeleka hospitali. Protus alibaki. Aliutafuta mlango ule, akaupata kwenye wimbi, akashinda akijaribu kuurudisha kwenye bawaba zake. Majirani walimtazama tu, hakuna aliyemsaidia.

Vitalis alikamatwa Busia kabla ya saa sita, ndani ya uwanja wa malori, akimbembeleza dereva mwingine amvushe chini ya turubai. Jioni Protus alikwenda kumwona rumande. Hakutumwa. Hakujua mwenyewe anakwenda kutafuta nini. Vitalis alisimama alipomwona, akasogea upande mmoja wa benchi ili ampishe nafasi.

"Mukhwasi, usikasirike," alisema. "Mambo ya lori ni mambo ya lori. Lakini kula pamoja, kule kucheka, hakukuwa uongo. Nilifurahi kweli."

Protus alimtazama sana yule mtu, macho yake, mwanya wake, mikono iliyoshika kile chuma. Alitaka aone mahali uongo unapoanzia. Hakupaona. Kilichomtisha zaidi ni kwamba alimwamini, na kwamba kitu fulani ndani yake kilitaka kuketi kwenye benchi lile. Aliondoka, akatembea hadi kwenye kizuizi cha mpaka na kurudi, akaenda tena na kurudi, mpaka askari wa zamu akamuuliza kama kuna shida.

Aliandika maelezo yake kesho yake na kuweka ndani yake kila kitu alichomwambia Vitalis. Ogutu aliyasoma mara mbili. Alimwambia angeweza kufupisha sehemu ile, kwamba kesi haiihitaji. Protus akasema akifupisha, itabidi afupishe tena kortini, na Akol atakuwepo.

Siku ya kuondoka Ogutu alikaa na Protus ofisini, mizigo yake tayari iko garini. Alikuwa ameshindwa kumaliza kazi yake na hakulificha jambo hilo. Alimuuliza Protus angempa mama yule alama ngapi kwa mahojiano ya pili.

"Hakunitazama vizuri, afande. Hakukaa. Alinikemea mwanzo hadi mwisho."

"Najua. Kwa kipimo changu ni sifuri, labda moja. Na ndiyo mahojiano pekee yaliyotupa ukweli." Alitoa miwani, macho yake yakaonekana madogo na yaliyochoka. "Nilidhani maelewano ni kitu kati ya watu wawili waliokaa mezani. Sikufikiria mtu wa tatu anayewatazama kupitia dirishani. Nitapima vipi kitu kama hicho?"

Ogutu akasema pengine atawaambia wakubwa kwamba bado hajui, na pengine watarudi kwa kiboko, na hilo litakuwa juu yake. Walishikana mikono. Hawakuonana tena.

Kortini Kariuki alisimama kwa magongo na kusema alichokijua. Akol alisema chake, mkono ukiwa umeshapona lakini umepinda. Vitalis alifungwa pamoja na mwenzake mmoja. Mwingine alikuwa ameshavuka na hakuna aliyejua kama kule alipona. Ndugu za Kariuki walikuja kumchukua, wakamwachia Akol blanketi jipya na maneno mengi ya Kikikuyu ambayo hakuyaelewa hata moja. Protus alikaripiwa kwa barua, akaondolewa upelelezini na kuwekwa kaunta, kupokea ripoti za baiskeli zilizoibwa na ugomvi wa mipaka ya mashamba. Nafula alisema afadhali, sasa atapumzika. Hakupumzika. Alisimama kaunta akipeleka uzito mguu huu, mguu ule, na kila mtu aliyeingia akitabasamu alimtia wasiwasi, na kila aliyeingia amenuna alimtia wasiwasi zaidi. Njia yake ya zamani ilikuwa imemtoka. Akianza kumuuliza mtu habari za mama yake, alijisikia mwenyewe, akaacha katikati.

Siku moja ya mvua za vuli Akol aliingia kituoni, tope hadi magotini. Zamu ile Protus alikuwa na konstebo Benedetta, msichana wa Kiteso mwenye uso mkunjufu, ambaye alimkaribisha kwa lugha yao, akamvutia kiti na kumuuliza shida ni nini.

Akol alisema anamngoja yule mwingine.

Protus alikuwa akimwandikia mzee mmoja maelezo kuhusu mbuzi. Aliyamaliza akikosea herufi. Kisha akasogea.

"Mama."

"Ng'ombe wangu wa maziwa ameibwa," Akol alisema. "Asubuhi hii, kwenye malisho. Nyayo zinashuka kijitoni na mvua inazifuta. Mwizi namjua, na wewe ukimsikia utasema haiwezekani, maana ni mtu wa kanisa."

Protus alitazama kiti kitupu, akamtazama Benedetta, akarudisha macho kwa mama. Swali lilimtoka kabla hajalizuia.

"Mama, mbona umenitafuta mimi?"

Akol alimtazama kama siku ile ya kwanza.

"Ng'ombe anaenda Uganda," alisema, "na wewe unaniuliza mambo hayo."

Aligeuka na kutoka. Protus alichukua koti lake la mvua ukutani, akalivaa mkono mmoja, na kumfuata nje akiwa bado anatafuta mkono wa pili. Akol alikuwa ameshavuka barabara na hakungoja. Protus alikimbia kidogo ili amfikie, akapunguza mwendo, na wakashuka njia ya Chakol, Akol akieleza bila kugeuka, yeye hatua mbili nyuma, akisikiliza.